Gari Lililofungwa kwa Kano

Kitu cha kwanza kunisaliti asubuhi ile kilikuwa mate yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimelala chali juu ya kipande cha boksi, tochi mkononi, chini ya gari ambalo shemeji yangu alilitengeneza kwa mikono yake. Injini ilikuwa imeunguruma robo saa hivi kisha ikazimwa, na bomba la moshi lilikuwa bado la moto. Ndipo harufu ikanijia. Nyama. Nyama iliyokolea chumvi, ile iliyoanza kukauka pembeni juu ya makaa. Sikuwa nimetia kitu tumboni tangu niamke, na mdomo ukanijaa maji kama wa mbwa mlangoni mwa bucha.

"Dada!" nikaita. "Unachoma nini huko? Nibakizie!"

"Sichomi kitu," dada akajibu kutoka mlango wa jikoni. "Hata jiko sijawasha. Fanya kazi, acha uroho."

Nikageuzia tochi upande wa bomba la moshi, na hapo nikakiona nilichokuwa nakitamani.

Paipu ya breki ilipita kando ya bomba lile, karibu kuliko inavyotakiwa, na ilikuwa imefungwa kwenye chesisi kwa ukanda mweusi uliojikunja. Ukanda ulikuwa unatoa moshi mwembamba. Nikaugusa kwa bisibisi. Ukavutika, ukarudi. Ilikuwa ngozi ya ng'ombe, na upande wa ndani kipande cha nyama kilikuwa bado kimeng'ang'ania, kimeiva vizuri kabisa.

Nikayatema yale mate. Nikatema mpaka ulimi ukakauka, na bado nilijisikia kama nimeshaonja.

Mimi ni fundi wa breki, mwaka wa ishirini na mbili huu. Siku yangu ya kwanza gereji niliambiwa kuwa mwanamke hawezi kazi ile, na aliyeniambia akaniangushia gurudumu mguuni ili maneno yake yatimie. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakijamsamehe mpaka leo. Mimi nilishamsamehe, alikuja kuniomba kazi, nikampa ya kufagia. Tangu hapo nimejifunza kucheka kwanza na kuumia baadaye, na mdomo wangu unajulikana gereji nzima kuliko spana zangu. Mtajua sasa hivi kwa nini nataja mdomo.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ni muuza nyama. Bucha yake iko mbele ya nyumba, na wateja wanamwita Kilo Kasoro mbele ya uso wake, naye anaitika bila haya. Kwa miaka mitatu alikuwa akifunga bucha saa tisa na kwenda nyuma ya nyumba kujenga gari. Injini aliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Chesisi aliichomelea kutoka vyuma vya mnara wa tangi la maji. Viti ni vya kinyozi, bado vinapanda na kushuka. Mlango wa abiria ni wa friji, na ukiufunga unasikia ule mpira ukibusu bodi. Cheka unavyotaka, lakini lilikuwa linawaka kwa mguso mmoja, na mimi nina wateja wenye magari ya dukani wanaosukumwa kila asubuhi.

Kesho yake, Ijumaa, gari lilitakiwa kufika kwenye uwanja wa ukaguzi. Shemeji alikuwa ameisubiri tarehe hiyo miezi minne. Mkaguzi hulipokea gari la kujitengenezea likiwa na fomu yenye saini ya fundi wa leseni, kwamba breki zimekaguliwa. Fundi wa leseni ndiye mimi. Na kutoka nyumbani kwao hadi uwanjani ni mteremko mmoja, mkali, ulionyooka, unaoishia kwenye geti la shule, kabla tu ya uwanja wenyewe. Kiti cha mbele angekaa dada. Safari ya kwanza ni ya mke, shemeji alishaapa hivyo mbele ya majirani, na dada alikuwa ameshafua gauni. Lilikuwa linaning'inia kwenye kamba juu ya kichwa changu, linachuruzika.

Nikaendelea kujivuta kwa mgongo kuelekea nyuma. Nilihesabu mafundo thelathini na moja. Mengine yalikuwa ya ngozi, mengine ya kano, zile nyuzi nyeupe ngumu za mguuni mwa ng'ombe ambazo ukizitafuna zinakushinda. Yamefungwa kwa ustadi, sisemi uongo. Kila fundo limekazwa sawa na jirani yake, ncha zimekatwa kwa kisu kikali. Kwa mbali ungesema ni kazi ya mshona viatu. Kwa karibu nzi wa kijani walikuwa wanaingia na kutoka kama wapangaji. Kwenye fundo la kumi na mbili kulikuwa na mafuta yaliyoganda, rangi ya usaha. Kwenye la kumi na saba niliona kitu kikinyanyuka na kulala, kikinyanyuka na kulala. Nilidhani ni tochi inayotetemeka mkononi mwangu. Yalikuwa mabuu, meupe, yamenona, yamejipanga kando ya paipu ambayo dada yangu angeitegemea kesho.

"Shemeji," nikasema kutoka chini, kwa sauti ndogo kabisa, "njoo."

Akaja, bado na aproni ya damu, akachuchumaa. Alikuwa anatabasamu. Hilo tabasamu ndilo lililonichefua zaidi ya mabuu.

"Umeona?" akauliza. "Zimeshika, eh?"

"Zimeshika nini? Hii ni breki au ni kaburi?"

"Wacha utani, shemeji. Ngozi ukiifunga ikiwa mbichi, ikikauka inabana kama chuma. Mimi nimefunga mipini ya mashoka kwa ngozi miaka mingapi? Shoka litavunjika, ngozi haiachii."

"Shoka haliendi sehemu zenye matope. Shoka halina mafuta ya breki ndani. Na hii chumvi nayo?"

"Ya kuzuia isioze."

"Imezuia?"

Inzi mmoja akatua kwenye sikio lake, akamwacha.

Nikachukua kisu changu kidogo, nikakata fundo moja la katikati. Ngozi ilifunguka kwa sauti ya unyevunyevu, kama mtu anayetoa mguu kwenye tope. Chini yake, mahali palipofunikwa, paipu ya chuma haikuwa paipu tena. Ilikuwa imeliwa na kutu mpaka imekuwa na mashimo madogo madogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Chumvi na maji ya nyama vilikuwa vimekaa pale vikifanya kazi mchana na usiku, na juu yake fundo zuri, safi, la kujivunia. Shubiri moja pembeni, pasipofungwa, paipu ilikuwa inang'aa kama ilivyotoka dukani. Yaani kila alipoishika ndipo alipoiua.

"Ingia ndani ukanyage breki," nikamwambia.

"Mimi nitakanyaga," dada akasema. Alikuwa ameshafika, na taulo begani. Dada ni nesi wa kusafisha vidonda. Huwa hakimbii kitu. Akapanda kwenye kiti cha kinyozi, kikashuka naye kidogo, akacheka. "Nikanyage sana?"

"Kanyaga kama vile unaona geti la shule."

Akakanyaga. Paipu ya nyuma ikaruka kama mshipa wa shingo ya mtu mwenye hasira. Fundo la pale lilikuwa limelowa, limelegea, halikushika chochote; paipu ikagonga mhimili unaozungusha magurudumu, ikarudi. Akakanyaga tena. Chini ya fundo la mwisho pakatoka tone. Likavimba polepole, la kahawia, limechanganyika na shahamu, na kabla sijageuza uso likaniangukia kwenye mdomo wa juu.

Sitasimulia nilivyotoka chini ya gari lile. Itoshe kwamba boksi lilipasuka na ndoo ya nguo ikamwagika. Nilisugua mdomo kwa sabuni ya kufulia mara tatu, na kila mara niliporamba bila kukusudia, ladha ilikuwa bado ipo: uchungu wa mafuta ya breki, halafu nyuma yake, taratibu, ile ladha ya mchuzi.

"Saini utaweka?" shemeji akauliza nyuma yangu. Fomu ilikuwa mkononi mwake, imekunjwa vizuri, na kalamu.

Nikageuka na povu mdomoni. "Wewe una akili kweli? Nani, mtu gani mwenye akili timamu, anafunga paipu ya breki kwa mzoga? Nani alikufundisha uchafu huu?"

Akanitazama. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Wewe," akasema.

"Mimi?"

"Nilikuja gerejini kwako. Mwezi wa pili. Nikakuuliza paipu zinafungwa kwa nini."

Nikataka kucheka. Kisha nikakumbuka, nikatema sabuni. Siku ile nilikuwa chini ya lori, na wateja sita wamekaa kwenye benchi wakisubiri na kunisikiliza, maana watu huja kwangu nusu kwa breki na nusu kwa maneno. Kilo Kasoro akaingia na aproni yake, akauliza swali lake kwa heshima, na mimi nikaona benchi lina njaa. Nikasema, shemeji, wewe una ng'ombe mzima dukani unahangaika na klipu? Funga kwa kano! Benchi likacheka. Nikaongeza: ukikosa kano, ngozi ya shingo, lakini ifunge ikiwa mbichi. Wakashika mbavu. Akauliza, kweli itashika? Nikasema, itakushika kuliko mkeo. Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Shemeji naye alicheka. Nilidhani anacheka na sisi.

"Ulikuwa utani," nikasema.

"Mimi sikuja kutaniwa. Nilikuja kuuliza."

Akaingiza mkono mfukoni, chini ya aproni, akatoa daftari dogo lenye madoa ya mafuta. Akalifungua, akanionyesha. Kwa mwandiko wake wa polepole, chini ya mchoro wa chesisi, alikuwa ameandika: *Kano. Au ngozi ya shingo. Ifungwe ikiwa mbichi. Fundi amesema.*

Nimeona mengi ya kuchefua katika kazi hii. Niliwahi kukuta paka aliyekauka ndani ya kichujio cha hewa. Lakini yale maneno mawili ya mwisho yalinifanya nitazame chini. Nilijiona nikiwa nimelala chini ya lori, nimeutoa uso tu, ninawachekesha watu sita nisiowajua kwa roho ya dada yangu, na mafuta kidevuni. Nilijinukia vibaya kuliko kile kilichokuwa mdomoni mwangu.

"Ungeniuliza tena," nikasema, na hata mimi nikasikia ilivyokuwa nyepesi.

"Fundi akishasema namuuliza tena ya nini? Wewe ukija bucha, nikikwambia hii ni steki, unaniuliza mara mbili?"

"Wewe nakuuliza mara tatu. Unaitwa Kilo Kasoro."

Ilinitoka tu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Ajabu ni kwamba pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo. Halafu ikaacha.

Dada hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameingia chini ya gari na nguo zake za kazini, tochi yangu mkononi. Tuliona miguu yake tu. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka, alipangusa viganja kwenye taulo, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanya wodini.

"Zilifungwa lini?" akamuuliza mumewe.

"Wiki kumi hivi."

"Na zikafunguliwa lini kuangaliwa?"

"Hazijafunguliwa."

"Mume wangu," dada akasema, taratibu, "mtu akiniletea mguu uliofungwa wiki kumi bila kufunguliwa, mimi simuulizi kama unauma. Namuuliza tuukatie wapi."

"Mke wangu, nimesubiri miezi minne. Nitashuka polepole. Kwa gia ya kwanza. Peke yangu, kama unaogopa."

"Na wale watoto wa pale getini, nao wako peke yao?"

"Nimewaambia watu wote kuwa ni kesho!"

"Basi waambie nimeugua. Waambie tumbo. Si uongo, likiendelea kunuka hivi nitaugua kweli." Akanigeukia mimi, na hapo nikajua zamu yangu imefika. "Na wewe. Miaka yote nakwambia mdomo wako utaua mtu. Nilikuwa natania."

Nikainama kuokota ndoo iliyomwagika.

"Fungueni," dada akasema. "Yote. Sasa hivi."

Shemeji aliitazama fomu iliyokuwa mkononi mwake. Akaikunja mara nyingine, akaitia ndani ya daftari. Kisha akaingia bucha, nikadhani anaenda kujifungia. Akarudi na kisu chake cha kuchuna, kile chembamba, akalala juu ya boksi langu lililopasuka, akaanza kukata. Hakukata kwa hasira. Alikata kwa ustadi uleule aliofungia, fundo moja baada ya jingine, na kila moja lilipoanguka alilisukuma pembeni kwa kiwiko bila kulitazama. Mimi nilikuwa nayakusanya kwa koleo na kuyatia kwenye ndoo. Yalikuwa bado ya moto upande mmoja na ya baridi upande mwingine. Lile la mabuu lilidondoka likiwa wazi, na watu wake wakatawanyika sakafuni kutafuta makazi. Nilikimbilia ukutani nikatapika. Nilirudi. Nikalikusanya. Nikaenda ukutani tena.

"Pole, shemeji," akasema kutoka chini.

"Pole na wewe," nikasema, na sikuongeza kichekesho.

Tulizifukia ndoo mbili nyuma ya choo, kina cha magoti, na bado mbwa wa mtaa mzima walikaa nje ya ua mpaka Jumapili kama wanasubiri wosia.

Paipu zote tulizing'oa. Hakuna hata moja niliyoiacha. Nililala gereji siku mbili nikikunja mpya, na Jumamosi nilirudi na boksi la klipu za chuma zenye mpira ndani. Nilimfundisha shemeji mwenyewe, mkono juu ya mkono, sentensi moja moja, bila benchi. Klipu moja kila shubiri na nusu. Paipu ikae mbali na bomba la moshi, mbali na mhimili, juu ya ukingo wa chini wa chesisi ili jiwe likiruka likute chuma kwanza. Inapopita kwenye tundu la bati, tundu livalishwe mpira. Ule mpira laini unaopeleka mafuta ya breki gurudumuni, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, uone haugusi chochote. Aliandika yote. Kila alipomaliza mstari alinitazama usoni, kuona kama nacheka.

Harufu haikutoka. Tulipiga maji ya moto, sabuni, magadi, dawa ya wodini aliyoileta dada. Shahamu ilikuwa imeingia kwenye viungo vya vyuma, mahali ambapo hata brashi ya meno haifiki, na kila injini ilipopata moto ilikuwa inaamka. Mimi nyama nimeacha tangu siku ile. Wanadhani ni afya.

Tarehe mpya ilipatikana baada ya wiki tano. Nilikanyaga breki zile mara mia moja, gari likiwa juu ya mawe, na dada akiwa chini na tochi akitafuta tone. Hakuona. Nikaweka saini. Shemeji akaichukua fomu, na dada akashuka ngazi na gauni lake, limepigwa pasi.

"Ngoja," nikamwambia. "Aliyeweka saini ndiye anayekaa mbele."

Shemeji akafungua mdomo. Majirani walikuwa wamejipanga, kiapo chake wanakikumbuka. Dada akamtikisia kichwa tu, akavua viatu vyake vya visigino, akaanza kushuka mteremko kwa miguu, peku, pembeni mwa barabara.

Nikapanda. Kiti kikanishusha. Tukaondoka.

Mita mia mbili za kwanza sikusikia chochote ila moyo wangu. Kisha bomba la moshi likashika moto, na ile harufu ikapanda kupitia nyufa za sakafu, tamu, ya chumvi, ya jana na juzi. Nikaziba pua. Ikaingia mdomoni. Mbele yetu geti la shule lilikuwa limeanza kuonekana, na watoto wawili watatu wenye mabegi, wadogo kama vifungo.

"Sasa," nikasema kupitia viganja.

Akakanyaga. Gari likajikunja mbele, matairi yakashika, tukasimama. Tukasimama kabisa, katikati ya mteremko, bila kuyumba. Akaachia, likatambaa, akakanyaga tena. Tukasimama. Mara ya tatu nilifungua mlango na kutapika barabarani.

"Breki au hofu?" shemeji akauliza.

"Harufu. Endesha."

Tulifika chini mwendo wa kobe, tukasimama hatua thelathini kabla ya geti. Dada alitukuta pale baada ya dakika kumi, jasho linamtiririka, viatu mkononi. Akazunguka upande wangu, akafungua mlango.

"Shuka."

Nikashuka. Akafuta kiti kwa kitambaa, akakaa, akavaa viatu. Akavuta pumzi, na uso wa nesi asiyekimbia kitu ukajikunja wote.

"Linanuka," akasema.

"Linanuka."

"Lakini linasimama?"

"Linasimama, dada."

Akafunga mlango.